Si Kila Kijani ni Malisho

Ukifungua picha ya setilaiti ya Handeni iliyopigwa mwishoni mwa masika, utaona neema tupu. Kuanzia milima ya Nguu kule Kilindi hadi ukaribie bahari upande wa Pangani, nchi nzima imevaa kijani. Mtu aliyeko ofisini mbali akiitazama atasema mwaka huu mifugo haina shida. Mimi kazi yangu ni kuzitazama picha hizo na kuzigeuza kuwa ramani za malisho, na kwa miaka niliyofanya kazi hii na wafugaji wa mkoa wa Tanga nimezoea kuuliza swali moja kabla ya mengine yote: hicho kijani ni cha nini? Kama ni majani, ng'ombe watakula. Kama ni kichaka cha miiba, ng'ombe watalala njaa wakiwa wamezungukwa na kijani hichohicho.

Watu wengi hudhani setilaiti inaona majani. Inachopima ni mwanga. Jani bichi hunyonya mwanga mwekundu kwa ajili ya kujitengenezea chakula, na hurudisha juu mwanga wa infraredi ambao jicho la binadamu haliuoni. Setilaiti hupima vyote viwili. Unachukua kiasi cha infraredi, unatoa kiasi cha nyekundu, kisha unagawa kwa jumla yao. Namba unayoipata, ambayo wataalamu huiita NDVI, huwa kati ya -1 na 1. Maji huangukia chini ya sifuri, udongo mtupu huwa juu kidogo ya sifuri, na msitu mzito hufika 0.8 au kupita. Hesabu ni nyepesi kiasi kwamba mwanafunzi wa sekondari anaimudu. Namba hiyo inakuambia kuna ubichi kiasi gani mahali fulani. Mmea gani umeutoa, haisemi.

Picha zenyewe siku hizi hazina gharama. Setilaiti ya kwanza ya Landsat ilirushwa na Marekani mwaka 1972, na tangu 2008 hazina yake yote imefunguliwa bure kwa dunia nzima. Kila pikseli, yaani kila kijiraba kinachounda picha, kwa Landsat za siku hizi ni mita 30 kwa 30. Ulaya nao wakarusha Sentinel-2 kuanzia mwaka 2015, na picha zake zinafika hadi mita 10. Setilaiti mbili zikifanya kazi kwa zamu, mahali pamoja hupigwa picha kila baada ya siku 5. Kwa kompyuta ya kawaida, intaneti ya kubahatisha na programu ya kuchora ramani ya QGIS, ambayo nayo ni ya bure, mtu aliyeko Handeni mjini anaweza kufanya kazi ambayo miaka ishirini iliyopita ilihitaji bajeti ya wizara. Nalisema hili kwa sababu bado nakutana na vijana waliohitimu masomo ya nyanda za malisho wanaoamini kwamba teknolojia hii ni ya wageni.

Somo kubwa nililipata sakafuni. Tulikuwa tumechapisha picha ya ardhi ya kijiji kimoja cha Handeni kwenye karatasi kubwa, tukaitandaza katika ofisi ya kijiji, wazee wakaizunguka wengine wamechuchumaa, wengine wameegemea fimbo zao. Nilikuwa nimepaka rangi kwa kufuata NDVI: kahawia palipo wazi, njano palipo na uhafifu, kijani cha kukolea palipo na ubichi mwingi. Wazee wakaanza kutafuta alama zao, lambo, josho, njia inayoshuka mtoni, mbuyu ambao kila mtu anaujua. Walipokwisha kujipata, mzee mmoja wa Kimaasai akaweka ncha ya fimbo juu ya doa la kijani lililokolea kuliko yote.

"Dada, hapa umepasifu sana," akasema. "Mara ya mwisho ng'ombe wangu kuingia hapa nilikuwa bado morani."

Nikamuuliza leo wanaingia nini.

"Mbuzi, wale wajeuri. Na mbung'o."

Wengine wakacheka, lakini alichosema kilikuwa ripoti kamili ya hali ya nyanda. Doa lile lilikuwa mkulagembe, kichaka cha miiba chenye ua la rangi mbili, zambarau na njano, ambalo kila mtoto wa Uzigua analifahamu. Chini ya mkulagembe mzito hamna majani ya maana. Kivuli na mizizi vimekwisha kuyamaliza. Ng'ombe hapenyi kwa miiba, na mchungaji hataki kupeleka kundi mahali ambapo mbung'o wanajificha, kwa kuwa ndio wanaoeneza ugonjwa wa nagana. Kwa setilaiti mahali pale palikuwa pazuri kuliko pote kijijini. Kwa mfugaji palikuwa pamekufa.

Tangu hapo sijawahi kupeleka kijijini ramani ya ubichi peke yake. Njia tunayoitumia ni ya kutazama mahali pamoja kwa nyakati mbili. Majani ya huku kwetu huota haraka mvua ikinyesha na hukauka mapema ikikatika. Wiki chache baada ya masika kwisha yameshageuka rangi. Kichaka kina mizizi ya kwenda chini, hivyo hubaki na ubichi wake kwa muda baada ya majani kukauka. Basi unachukua picha ya mwisho wa Mei na picha ya katikati ya Julai, unatoa moja kwa nyingine. Palipokuwa na kijani Mei na kikapotea Julai, hapo kwa sehemu kubwa ni majani. Palipobaki na kijani, hapo pana miti, vichaka au unyevunyevu wa bonde. Njia hii ina mipaka yake. Ukanda wa karibu na bahari hupata manyunyu hata Julai na Agosti, kwa hiyo Pangani na Mkinga tofauti haionekani vizuri kama Handeni na Kilindi. Ukichelewa sana nao mkulagembe unapukutisha majani, na kila kitu kinakuwa kahawia. Lazima ujue mvua ya mwaka ule ilikatika lini, na hilo wafugaji wanalikumbuka vizuri kuliko daftari lolote.

Tatizo jingine la Tanga ni mawingu. Aprili na Mei, wakati ambapo ungependa kuyaona majani yakikua, setilaiti inapita juu na kupiga picha ya mawingu. Dawa yake ni kukusanya picha zote za mwezi au za miezi miwili, kuchuja mawingu na vivuli vyake, na kuchukua thamani ya katikati ya kila pikseli. Google Earth Engine, huduma ya mtandaoni ya kuchambua picha za setilaiti, inafanya kazi hiyo kwa dakika chache bila kupakua chochote. Ipo pia Sentinel-1, inayotumia rada inayopenya wingu. Inasaidia kutambua palipofurika na palipo na miti mingi, ila kuisoma kunahitaji uzoefu, na kwa mtu anayeanza siishauri.

Kichaka kuvamia malisho si habari mpya mkoani kwetu. Kule Mkwaja, wilayani Pangani, palikuwa na ranchi kubwa iliyoanzishwa miaka ya 1950 na kufungwa mwaka 2000. Leo eneo lake ni sehemu ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005. Mtu akipita pale leo atadhani pori lile limekuwa hivyo tangu zamani. Ranchi ilikuwa na wataalamu na fedha, ikapambana na vichaka kwa miaka mingi, na vichaka vikaendelea kusonga: migunga ya Acacia zanzibarica kwenye udongo mzito mweusi, mkulagembe kwingineko. Watafiti waliotumia picha za Landsat kuchora uoto wa eneo lile walikuta msongamano wa vichaka unafuatana na mahali ng'ombe walikokuwa wakikaa na kula kwa wingi, kuzunguka mazizi. Nikiwa na wafugaji wanaodhani kichaka kimekuja chenyewe kama mkosi, huwaeleza habari ya Mkwaja, na mara nyingi wao hunimalizia kabla sijafika mwisho, kwa sababu wameyaona hayohayo kwenye maboma yao ya zamani.

Mambo yanakwenda hivi. Ng'ombe wengi wakikaa mahali pamoja muda mrefu, majani ya kudumu yanakatwa kabla hayajarudisha nguvu mizizini, yanadhoofika, yanaondoka. Majani yakipungua, moto wa kiangazi unakosa kuni. Unapita chini ukiwa hafifu, na miche ya vichaka ambayo zamani ingeungua inasalimika. Juu ya hayo, ng'ombe hula maganda ya mkulagembe, ni matamu kwao, na mbegu zinatoka kwenye kinyesi zikiwa tayari kuota. Ukiukata bila kung'oa, mizizi inachipua mashina mengi zaidi. Nimeona vijiji vikitumia siku nzima za msaragambo kufyeka kwa panga, na msimu wa pili pamefunga kuliko mwanzo. Inaniuma, maana jasho lile lilikuwa la kweli.

Kwa kuwa picha ya juu haitoshi, inabidi kushuka chini, na kifaa tunachokitegemea kuliko vyote ni fimbo ya mita moja. Unaichora alama tano, kwenye sentimita 10, 30, 50, 70 na 90. Unasimama katikati ya eneo, unatembea mita 5 kuelekea kaskazini, unaiweka fimbo chini, unatazama kila alama imegusa nini: jani la kudumu, jani la msimu, kichaka, takataka za mimea, jiwe, au udongo mtupu. Unaendelea mita 10, 15, 20 na 25. Unarudi katikati, unafanya vivyo hivyo kusini, mashariki na magharibi. Pande nne, vituo vitano kila upande, alama tano kila kituo, jumla 100. Kila alama iliyogusa udongo mtupu ni asilimia moja ya udongo mtupu, huhitaji kikokotoo. Vijana wa kimorani tuliowafundisha wanaifanya kwa kupokezana, mmoja ameinamia fimbo akiita "majani! udongo! udongo! kichaka!" na mwingine anachora mistari kwenye fomu. Mahali ambapo hakuna anayejua kusoma tumetumia punje za mahindi, maharage na kunde, kila moja na maana yake, zinatumbukizwa kwenye makopo na kuhesabiwa jioni.

Jambo moja sikulisoma chuoni: kijana aliyeita neno "udongo" mara nyingi kwa sauti yake mwenyewe mahali anapochungia kila siku, hahitaji mimi nimweleze kwamba eneo limechoka. Jioni ya siku kama hiyo mazungumzo bomani huwa tofauti kabisa na mazungumzo ya mkutano nilioitisha mimi.

Kiasi cha chakula kilichopo nacho kinapimika. Tunatumia mraba wa fito wa nusu mita kwa nusu mita. Unautupa, unakata majani yote ya kuliwa yaliyomo, unayakausha hadi yasipungue tena uzito, unayapima. Kila gramu kwenye mraba huo ni kilo 40 kwa hekta. Tuseme wastani umekuja gramu 60, hiyo ni kilo 2,400 kwa hekta. Huwezi kuzihesabu zote kuwa chakula. Nyingine zinakanyagwa, nyingine zinaliwa na mchwa, nyingine lazima zibaki zilinde udongo na mizizi. Chukua theluthi moja, kilo 800. Ng'ombe wa kilo 250 hula karibu asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku, yaani kilo 6.25 za majani makavu. Hekta moja ya majani hayo itamshikilia kwa siku 128. Ukishafanya hivyo kwenye maeneo ya kutosha na kulinganisha na NDVI ya siku zilezile, ramani inaanza kusema lugha ya mfugaji: hapa pana chakula cha kundi hadi mwisho wa Septemba, pale kitakwisha Agosti. Mfugaji anachotaka kujua ni tarehe. Ukimwambia 0.42 atakuitikia kwa heshima na kwenda zake.

Udongo nao una vituko vyake. Udongo mweusi wa mbugani hurudisha mwanga kidogo, udongo mwekundu wa miinuko ya Handeni na mchanga mweupe wa pwani hurudisha mwingi. Matokeo yake, majani ya kiasi kilekile yanaweza kupata NDVI ya juu zaidi mbugani. Ukilinganisha kijiji cha mbugani na kijiji cha mchangani kwa namba hiyo peke yake, utampa sifa mtu asiyestahili na kumlaumu mwenzake. Ninachofanya ni kulinganisha mahali na historia yake penyewe: Mei hii dhidi ya Mei zote zilizopita za mahali palepale. Setilaiti zenye chombo cha MODIS zimekusanya kumbukumbu kuanzia mwaka 2000, na ukiziweka pamoja na takwimu za mvua za CHIRPS zinazoanzia 1981, unaweza kutenganisha mambo mawili ambayo kwa macho yanafanana. Mvua ikipungua na majani yakapungua, huo ni ukame, na mvua ikirudi majani yatarudi. Mvua ikiwa nzuri na majani yasirudi, ardhi yenyewe imeumia. Haya mawili yanahitaji maamuzi tofauti kabisa, na nimekaa kwenye vikao ambapo uharibifu wa miaka mingi uliitwa ukame ili pasiwe na wa kuuzungumzia.

Vuli ya 2021 ilikuwa ukame wa kweli. Mvua za Oktoba hadi Desemba zilikuwa hafifu mno kaskazini mashariki mwa nchi. Kufikia mwisho wa Novemba, ramani ya kulinganisha na miaka ya nyuma ilikuwa nyekundu karibu kote Kilindi na magharibi ya Handeni. Tuliituma kwenye kundi la WhatsApp la wafugaji, rangi tatu tu na maelezo ya sauti kwa Kiswahili na Kimaasai, kwa sababu wengi husikiliza kuliko kusoma. Wazee wa kijiji kimoja walikaa na kukubaliana kwamba kila boma lipunguze madume na majike makongwe mnadani kabla hawajakonda. Haikuwa rahisi. Kuuza ng'ombe wakati bado anasimama ni jambo ambalo mfugaji hulifanya kwa moyo mzito, na wapo waliokataa. Waliouza walipata bei ya ng'ombe. Januari wengi walikuwa wakipata bei ya ngozi. Ile ramani haikuleta wazo la kuuza, wazee walikuwa nalo tayari. Ilichowapa ni hakika kwamba kwa jirani nako hakuna majani, kwa hiyo hapakuwa na faida ya kusubiri na kuhama. Zamani walituma vijana kwenda kuangalia malisho ya mbali, na bado wanatuma. Sasa wanajua waelekee upande gani kwanza.

Somo lililonigusa zaidi lilitoka kwa mama mmoja, kwenye kijiji cha Kilindi. Katika kikao cha kuhakiki ramani, wanaume walikuwa mbele, kinamama wamekaa pembeni na watoto. Nilipouliza kama kuna kilichosahaulika, kimya. Baadaye, tukiwa tunakunywa chai, yule mama akaja pale ramani ilipokuwa imelala, akaitazama kwa muda, akaniuliza: "Mwanangu, ndama wetu watakula wapi?"

Kila boma lina kipande kilichotengwa karibu na nyumbani, Wamaasai wanakiita olopololi, kinachotunzwa kwa ajili ya ndama na wanyama wagonjwa. Anayekisimamia kila siku ni mama, kwa sababu ndiye anayekamua na ndiye anayejua ndama gani hajashiba. Vipande hivi ni vya ekari chache. Pikseli moja ya MODIS ni mita 250 kwa 250, zaidi kidogo ya ekari 15. Olopololi nzima inamezwa humo bila kuonekana. Hata kwenye Sentinel-2 inaonekana kama doa lisilo na mipaka kwa anayetazama bila kuambiwa. Mpango wa matumizi ya ardhi ungepitishwa bila vipande vile, kesho angekuja mtu kuomba shamba, angeonyeshwa hapohapo kwa kuwa kwenye ramani pamekaa wazi. Tuliondoka na yule mama na wenzake, simu mkononi, tukazunguka mipaka ya kila olopololi kwa miguu. Siku hizi kikao cha kinamama huwa cha kwanza, na hufanyika asubuhi baada ya kukamua, wanaume wakiwa wameshaondoka na makundi.

Kuna jambo la kiufundi ambalo wenzangu wa upimaji wanalijua lakini vijijini linaleta ugomvi usio na sababu. Ramani za zamani za nchi yetu za skeli ya 1:50,000 zilichorwa kwa mfumo wa kutaja mahali kwa namba uitwao Arc 1960, wakati GPS na simu zetu hutumia mfumo mwingine, WGS 84. Ukichukua namba za mpaka kutoka kwenye ramani ya zamani ukaziingiza kwenye simu bila kuzigeuza, utaongozwa hadi karibu mita 300 kutoka mahali pake. Kwenye mpaka wa kilomita 4 hiyo inaweza kufika hekta 120. Vijiji viwili nilivyovifahamu vilikuwa vimeanza kutishiana kwa sababu ya ukanda wa namna hiyo. Kila kimoja kilikuwa na karatasi, na kila karatasi ilikuwa sahihi kwa mfumo wake. Tulipokaa na wazee wa pande zote mbili na kugeuza namba zile mbele ya macho yao, mistari ikalaliana. Wale wazee walikuwa wakionyesha jiwe moja tangu mwanzo.

Moto nitautaja kwa ufupi. Tahadhari za moto za FIRMS, mfumo wa NASA, shirika la anga la Marekani, hutumwa bure kwa barua pepe, na chombo cha VIIRS hutambua moto kwa pikseli za mita 375. Ni msaada mkubwa kwa kijiji kilichotenga malisho ya kiangazi, ingawa moto mdogo wa asubuhi unaweza kuzimika kabla setilaiti haijapita. Droni nazo zipo, zinapendeza, na kwa eneo dogo zinafaa. Kwa wilaya nzima haziongezi chochote ambacho fimbo na Sentinel-2 havijakupa.

Linaloninyima usingizi ni nani anakaa na ramani. Ramani nzuri ya malisho inamwonyesha mfugaji aende wapi, na inamwonyesha vilevile mtu wa mbali mwenye fedha mahali palipo na ardhi yenye maji na isiyo na nyumba. Malisho ya kiangazi huachwa bila mnyama kwa miezi kadhaa kwa makusudi, na kwenye picha huonekana kama pori lisilo na mwenyewe. Ndiyo maana sikubali kuchora malisho ya kijiji bila kazi hiyo kuambatana na mpango wa matumizi ya ardhi. Sheria zipo: Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007, na Sheria ya Maeneo ya Malisho na Rasilimali za Vyakula vya Mifugo ya 2010. Majirani zetu wa Kiteto, mkoani Manyara, wamekwenda mbele: vijiji vilivyoungana kwa jina la OLENGAPA vilipanga malisho yao kwa pamoja, kwa sababu kundi linapotafuta maji halisimami kwenye mpaka wa kijiji. Kwetu Tanga vijiji vingi bado vinapanga kila kimoja kivyake, na mapito ya mifugo yanakatikia kwenye shamba la kijiji cha pili. Ningependa halmashauri zetu zilione hili kuwa la haraka. Ugomvi wa wakulima na wafugaji unaozungumzwa baada ya damu kumwagika huwa umeonekana kwenye picha miaka kadhaa kabla, mashamba yakisogelea njia ya lambo msimu baada ya msimu, na yeyote mwenye kompyuta angeweza kuwaita watu wakae mapema.

Kwa sasa tuna kazi moja inayoendelea kwenye lile doa la kijani ambalo mzee aliweka fimbo yake. Kijiji kimekubali kung'oa mkulagembe kwenye kipande cha majaribio, mizizi ikitolewa kwa jembe na sururu, mashina yakitumika kwa kuni na uzio. Kipande cha pili kinafyekwa na kuachiwa mbuzi wapalilie machipukizi, na cha tatu kimeachwa kama kilivyo ili tuwe na cha kulinganisha. Ng'ombe hawaingii hadi majani ya kudumu yatoe mbegu. Vijana wanapita na fimbo kwenye vipande vyote vitatu mwisho wa masika na tena kiangazi, nami natoa picha za Mei na Julai za kila mwaka. Matokeo yanabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, na nakala hukaa kwa mwenyekiti wa kamati ya malisho. Vijiji viwili vya jirani vimeomba kutuma watu wao kujifunza kutumia fimbo. Tumekubaliana waje baada ya masika, wakati majani yamesimama na ni rahisi kuyatofautisha.